Mguu Mzito wa King'ora

Jina la King'ora alipewa wiki ya kwanza ya kazi, na likamganda miaka ishirini na miwili. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa gari la wagonjwa katika hospitali ile. Madereva wenzake, wanaume saba waliokaa kwenye benchi nje ya chumba cha dharura wakisubiri simu ilie, waliona lazima wamchokoze kwa jina. Yeye hakujibizana nao. Aliwajibu barabarani. Wao walitumia dakika kumi na nne kutoka hospitali hadi mzunguko wa sokoni. Yeye alitumia tisa. Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyekuwa akicheka tena, na manesi walianza kuuliza kabla ya kupanda: "Leo nani yuko zamu, King'ora au hawa wengine?"

Aliyemfundisha alikuwa dereva aliyekaribia kustaafu, mtu wa maneno machache na meno machache zaidi. "Mguu wako usikae bure," alimwambia. "Uwe kwenye mafuta au uwe kwenye breki. Ukikaa katikati unafikiria, mgonjwa anakufa." King'ora aliyashika maneno hayo kama amri. Aliondoka kwenye taa kabla kijani hakijakolea. Alifika nyuma ya lori akiwa kasi, akabana breki, akachungulia pembeni, akakanyaga tena. Watoto walizaliwa ndani ya gari lake, na wapo watu wanaotembea mjini leo kwa sababu yeye alifika. Hilo alilijua, na hakuwa na aibu ya kulisema.

Alipostaafu, alirudi kuwa dada wa mtu. Na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Mdogo wake alikuwa mkaguzi wa vipimo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye vituo vya mafuta na ndoo ya chuma ya lita ishirini, iliyong'arishwa kama kikombe cha mashindano. Pampu inamimina, yeye anainama, anafunga jicho moja, anasoma mstari kwenye shingo ya ndoo. Ikipungua hata kijiko, anafunga pampu. Vituoni walimwita Bwana Lita, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mkweli, mkavu, na mtu wa kushuku kila kinachotoka kwenye bomba. Yeye na dada yake hawakuwahi kupatana tangu utotoni. Wote wawili walikuwa watu wa kujiona wako sahihi, na nyumba ya baba yao ilikuwa na vyumba vitatu tu.

Baba alipofariki aliacha nyumba hiyo na gari dogo la kijivu la gia za mkono. Mama hakuwahi kujifunza kuendesha. Mwaka uliofuata akateleza bafuni, akavunjika nyonga, na daktari akaagiza afanyiwe mazoezi kliniki kila Jumatatu na Jumatano. Basi ikapangwa hivi: gari likae kwa King'ora Jumatatu hadi Jumatano kwa ajili ya kliniki na mizunguko ya mama; Alhamisi hadi Jumamosi likae kwa Bwana Lita, awapeleke wanawe shule na mkewe kazini. Tangi lijazwe Jumatano jioni na Jumamosi jioni, kwa pensheni ya marehemu, kwenye kituo kilekile. Kadi ya pensheni aliishika Bwana Lita, kwa kuwa ndiye aliyeaminika kwa hesabu.

Miezi miwili ilipita salama. Mwezi wa tatu, Jumatano jioni, Bwana Lita aliingia sebuleni kwa mama na daftari mkononi. Hakuketi. Mama alikuwa kwenye kiti chake kirefu, mguu juu ya mto. King'ora alikuwa jikoni anafunga mpira mpya wa jiko la gesi, akaitwa.

"Dada, wiki hii umekwenda kilomita ngapi?"

"Nitajuaje? Nimempeleka mama kliniki, nimempeleka sokoni, nimempeleka kwa rafiki yake. Hesabu mwenyewe."

"Nimeshahesabu. Kilomita mia moja na kumi na mbili. Na tangi limekunywa lita kumi na moja." Akafunua ukurasa. "Mimi wiki iliyopita nilikwenda mia moja na tisini, likanywa kumi na tatu na nusu. Gari lilelile. Mji uleule. Nimeandika wiki tisa, na wiki zote tisa ni hivyohivyo."

"Sasa?"

"Sasa lita tatu zako zinakwenda wapi?"

King'ora alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. Mama akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio. Ndivyo alivyofanya siku zote wanawe walipoanza.

"Rudia," alisema King'ora.

"Kuna mtu ananyonya mafuta kwenye tangi siku zako. Sijasema ni nani." Bwana Lita akatoa kwenye mfuko wa koti kipande cha mpira mweusi, urefu wa mkono. "Lakini hiki nimekikuta kwenye buti."

"Huo ni mpira wa jiko la mama! Wa zamani! Nimeubadilisha sasa hivi, mikono yangu bado inanuka gesi!"

"Umebadilisha leo. Mpira nimeukuta Jumamosi."

Ilikuwa kweli pia kwamba aliung'oa wiki iliyopita, akaubeba dukani kutafuta wa saizi yake, na duka halikuwa nao hadi leo. Lakini mtu akishaambiwa ni mwizi mbele ya mama yake, maelezo hayatoki kwa mpangilio. Yalitoka yote kwa pamoja, duka, saizi, wiki iliyopita, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kusikika kama mtu anayetunga. Mwishowe alimrushia mdogo wake kitambaa cha kufutia vyombo usoni.

"Nimebeba watu wanaokata roho mimi! Nimeachiwa mikoba, pete, simu za maiti, na sijawahi kuchukua hata kitana! Wewe uniite mwizi wa petroli?"

"Sijasema ni nani," Bwana Lita alirudia, akakitoa kitambaa usoni, akakikunja vizuri na kukiweka mezani.

Jumapili iliyofuata alilileta gari likiwa na mfuniko mpya wa tangi, wa kufuli. Ufunguo ulibaki kwake. Na tangi hakulijaza. "Kilomita mia na kumi na mbili, kwa hesabu ya kawaida, ni lita nane," alimwambia mama mlangoni, akimkwepa dada yake kwa macho. "Mafuta yaliyokuwemo nimeyatoa, nimetia lita nane tu. Zikitosha, tutajua. Zisipotosha, tutajua pia."

Hazikutosha. Jumatano, wakitoka kliniki, taa ya mafuta iliwaka rangi ya chungwa, na walipofika kwenye kituo chao gari lilikuwa linakohoa. King'ora alisimama kwenye pampu. Kijana wa pampu alimfahamu tangu enzi za gari la wagonjwa, akaja na bomba mkononi, akajaribu mfuniko, akaujaribu tena.

"Mama, hapa pamefungwa."

"Najua pamefungwa."

"Nipe ufunguo."

Hakuna neno gumu alilowahi kulitamka kuliko lile. "Sina."

Alimpigia mdogo wake. Bwana Lita alisema yuko kazini, atakuja. Alikuja baada ya saa nzima na dakika kumi. Saa nzima hiyo mama alikaa kiti cha nyuma katika jua, nyonga ikimuuma, akijipepea kwa karatasi ya kliniki. Magari nyuma yao yalipiga honi. Walisukuma gari pembeni, kijana wa pampu na King'ora, miaka sitini na moja, bega kwenye nguzo ya mlango. Watu wawili waliokuwa wakisubiri walimtambua. Mmoja alimuuliza, bila ubaya wowote, kwa nini dereva wa dharura ameishiwa mafuta.

Bwana Lita alipofika hakutoa salamu. Alisoma kwanza mita ya kilomita, akaandika, kisha akachomoa ufunguo kwenye shada lake la funguo.

"Kilomita themanini na moja," alisema. "Lita nane. Kilomita themanini na moja!"

"Fungua."

"Dada, lita nane zingekufikisha mia na kumi bila wasiwasi."

"Mama amekaa juani saa nzima. Fungua, kabla sijaufungua kwa jiwe."

Akafungua. Lakini alipokuwa akifunga tena, alisema kwa sauti ya chini ambayo kijana wa pampu aliisikia vizuri: "Na hata kufuli limeshindwa. Sijui unatumia njia gani."

Siku hiyohiyo King'ora alimshusha mama nyumbani, akamlaza, akaliacha gari hapo, akaenda moja kwa moja kwa fundi aliyekuwa akitengeneza magari ya hospitali. Watu walimwita Kimya, kwa sababu hakuwahi kunyamaza hata akiwa chini ya gari. Alisikiliza nusu ya habari, akazungumza mara mbili ya aliyoyasikia, kisha akasema jambo la maana.

"Hili linapimika, dada. Tunajaza tangi mpaka shingoni, hapa kwangu, sakafu iko sawa. Matairi natia upepo sawa. Mnaendesha njia moja, saa moja, mtu mmoja mmoja. Ukirudi, namimina kwa jagi la lita moja mpaka mafuta yafike palepale shingoni. Alichokula tutakiona. Hakuna muujiza."

"Fanya hivyo. Nataka alione kwa macho yake."

"Ngoja, bado. Umelifikiria vizuri?" Kimya alifuta mikono. "Ukiendesha wewe na gari likala kama lilivyokula kwake, maana yake siku za kawaida mafuta yanapotea kweli. Umejifunga mwenyewe. Na likila sana, basi mwizi hayupo. Ila..."

"Ila nini?"

"Ila mlaji utakuwa ni wewe. Mguu wako."

King'ora alicheka kwa dharau. "Mimi? Nimeendesha miaka ishirini na miwili bila kugonga hata kuku."

"Sijasema unagonga. Serikali ndiyo iliyokuwa inakujazia tangi, dada. Ulishawahi kuuliza lile gari lilikula kiasi gani?"

Hakuwahi. Alirudi nyumbani kwa miguu, na njiani ule ubaya wa jambo ukamfungukia taratibu. Akitaka kuonekana si mwizi, itabidi aonekane hajui kuendesha. Akitaka kuonekana anajua kuendesha, atakuwa mwizi. Alitafuta njia ya tatu mpaka akafika mlangoni, hakuiona.

Bwana Lita, ambaye hakuwahi kukataa kipimo, alikubali. Jumamosi ya kwanza ilikuwa zamu yake. Saa moja asubuhi, Kimya alijaza tangi hadi mafuta yalipometameta shingoni, akachora alama kwa msumari. Njia ilikuwa ile ya kliniki, kisha mzunguko wa sokoni, barabara ya viwanda, na kurudi. Mara mbili, jumla kilomita arobaini na nane. Mama alisema atapanda. Walimkataza wote wawili, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi walikubaliana katika kitu. Mama akapanda. King'ora alikaa mbele kama mlinzi, mikono kifuani.

Hakuwahi kuchoshwa hivyo maishani mwake. Mdogo wake aliingiza gia ya pili gari likiwa halijaamka, ya tatu muda mfupi tu baadaye. Taa ikiwa nyekundu mita mia mbili mbele, alitoa mguu kwenye mafuta na kuliacha gari lijiendee lenyewe, likipunguza, likipunguza, mpaka wanafika na taa imegeuka kijani, naye hajagusa breki. Tuta alilipanda kama anabembeleza. Nyuma ya basi alikaa mbali, pengo likawa kubwa hata magari matatu yakajichomeka.

"Wanakudharau," alisema King'ora.

"Wanaenda kusimama palepale ninapokwenda mimi."

"Unaendesha kama umebeba mayai."

"Nimembeba mama."

King'ora aligeuka nyuma kumtazama mama na kumkuta amelala, mdomo wazi kidogo, kichwa kimeegemea kioo. Jambo hilo lilimuudhi bila kujua kwa nini.

Kimya alimimina jagi la kwanza, la pili, la tatu. La nne alilimimina kwa uangalifu, akasimama kabla ya nusu. "Lita tatu nukta nne," akatangaza. Bwana Lita aliandika na kutabasamu kidogo kwa daftari.

Wiki ile King'ora hakulala vizuri. Alijua kabisa anaweza kuendesha kama yule. Mtu aliyeweza kupita katikati ya malori mawili na mgonjwa mwenye mirija hashindwi kuendesha polepole. Aliwaza: nikiendesha polepole nitamshinda hata yeye, nimnyamazishe. Halafu lile neno la Kimya linarudi: umejifunga mwenyewe. Jumamosi ya pili ilipofika aliingia garini akiwa amekasirika na kila mtu, akamwambia mdogo wake aliyekaa mbele na daftari, mama akiwa kiti cha nyuma: "Nitaendesha ninavyoendesha kila Jumatatu. Si zaidi, si pungufu."

Na ndivyo alivyofanya. Gia ya pili aliivuta mpaka injini ikalia. Aliifikia taa nyekundu kwa kasi, akabana breki, wote wakainama mbele, ilipogeuka alichomoka. Alilipita basi, akalikuta basi jingine, akabana, akalipita. Kwenye barabara ya viwanda alifika mia na kumi, akabana kwenye tuta, akapanda tena mia. Kiyoyozi kilikuwa juu kabisa, kama kilivyokuwa siku zote, kwa sababu kwenye gari la wagonjwa ndivyo kilivyotakiwa kuwa. Katika mzunguko wa kwanza alikuwa amesimama mlangoni mwa kliniki dakika nne, injini ikinguruma, kama anavyofanya kila Jumatatu akimsubiri mama ashuke. Walimaliza njia yote kwa dakika tisa pungufu ya zile za Bwana Lita. Tisa tu, katika kilomita arobaini na nane.

Kimya alimimina majagi manne kamili. La tano alilimimina, akaendelea kumimina. "Nne nukta saba," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.

King'ora alimgeukia mdogo wake. "Haya. Mafuta yako hayo. Hayakunyonywa na mtu. Niombe radhi."

"Kwa nini?" Bwana Lita alifunga daftari kwa kishindo. "Umefanya makusudi! Mtu gani anaendesha vile? Umekanyaga makusudi ili ujisafishe. Kipimo hiki nakikataa."

"Unakikataa kipimo, wewe?"

"Nakikataa. Mpimwa alijua anapimwa."

Walianza kurushiana maneno, wakirudi mpaka mambo ya utotoni, baiskeli iliyovunjwa, cheti kilichopotea, nani alimuuguza baba na nani alikuja kuonekana tu. Kimya aliondoka kwenda kunawa. Mlango wa nyuma wa gari ukafunguka.

"Hakufanya makusudi," alisema mama.

Waligeuka. Mama alikuwa amekaa pembeni ya kiti, miguu nje, fimbo katikati ya magoti. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Ndivyo anavyoendesha. Kila Jumatatu na kila Jumatano." Alifungua pochi yake, akatoa karatasi ya vidonge, nusu yake imeshatobolewa. "Vya kichefuchefu. Nesi wa kliniki ndiye alinipa. Nameza kimoja kabla hajaja kunichukua. Leo nilisahau."

"Mama," King'ora alisema, "mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nakuogopa? Umefanya kazi ile miaka yote, kila mtu anakusifu." Alipumua. "Mimi si mgonjwa wa dharura, mwanangu. Mimi nakwenda kunyoosha mguu."

King'ora aliwahi kusikia mengi kwenye kiti cha dereva. Amesikia watu wakimlaani, wakimwomba, wakiita majina ya watu wasiokuwepo. Maneno haya ya mama yalimuuma kuliko yote. Alikuwa ameshinda. Mama yake mwenyewe ndiye aliyemsafisha, mbele ya mdogo wake, na hakukuwa na kitu alichotamani wakati ule kuliko kuitwa mwizi tena.

Bwana Lita hakuacha nafasi ipite. "Basi afadhali ungekuwa unaiba," alisema. "Mwizi anaweza kuacha."

King'ora alimsogelea. Kimya, akitoka kunawa, alidhani atampiga kofi, na baadaye aliwaambia watu kwamba Bwana Lita alilistahili. Lakini King'ora alinyoosha mkono tu. "Ufunguo wa tangi."

"Bado hujaeleza..."

"Ufunguo wa tangi, au kadi ya pensheni ya baba ninaichukua leo hii, na mama shahidi."

Mama aliitikia kwa kichwa. Bwana Lita akauchomoa ufunguo kwenye shada, kwa shida, kucha ikivunjika, akauweka juu ya bonneti badala ya kumpa mkononi. Hakuomba radhi siku hiyo wala siku nyingine. Akiulizwa na mkewe alisema: "Nilikosea mahali pa kuyatafuta, basi. Hesabu zangu zilikuwa sawa." Na kweli zilikuwa sawa, jambo lililofanya achukiwe zaidi.

King'ora alijifunza upya kuendesha akiwa na miaka sitini na moja, na alijifunza kwa hasira. Alikuwa akilitukana gari, akizitukana taa, akiutukana mguu wake wa kulia kama mtu mwingine aliyekaa chini ya usukani. Kimya alimpa maelezo yasiyokwisha, na katikati yake yalikuwemo ya kufaa. Kila ukikanyaga breki, mwendo ulioununua kwa mafuta unautupa. Kwa hiyo tazama mbali, toa mguu mapema. Gia ya juu haraka. Injini isingurume bure ukisimama. Keria ya juu ya gari, aliyoifunga King'ora mwenyewe ili kubebea kiti cha magurudumu ambacho mama hakukihitaji tena, aliing'oa. Upepo wa matairi aliupima kila Jumapili.

Kilichokuwa kigumu ni kupitwa. Mtu anapiga honi nyuma, anampita, anamtazama kwa kebehi, bibi kizee na gari la kijivu. Mara ya kwanza alimfukuza huyo mtu mpaka kwenye taa, mama akiwa nyuma ameshika mlango. Mara ya pili alimtukana kimoyomoyo na kubaki njia yake. Mwezi wa pili alikuwa anaifikia taa ya sokoni ikiwa imeshageuka, bila breki, kama yule mdogo wake, na hakufurahi hata kidogo kwamba ni kama yule. Jumatatu moja alitazama kioo cha ndani, akaona mama amesinzia. Alimaliza safari ile polepole kuliko ilivyohitajika, akazunguka mtaa mara moja zaidi kabla ya kumwamsha.

Vidonge vilivyobaki mama aliwapa wagonjwa wengine kliniki.

Jumatano ya mwisho ya mwezi wa tatu tangu aanze kujifunza, Bwana Lita alikuja kuchukua gari. Alisoma mita, akachukua ufunguo wa tangi kwa mama, akaenda kujaza, akarudi. Aliingia sebuleni na daftari lake, kama siku ile ya kwanza.

"Kilomita mia na kumi na tano," alisema. "Lita nane na nusu."

King'ora alikuwa akimenya vitunguu. Hakuinua uso, lakini mikono yake ilipunguza kasi. Mwanadamu ni mwanadamu, alingoja.

"Dada, ulimpeleka mama kliniki kweli wiki hii?"

"Nini?"

"Au umeanza kujazia mafuta kwingine kunificha? Haiwezekani mtu ashuke hivi. Kuna kitu."

Safari hii hakurusha kitambaa. Alisimama, akanawa mikono, akaikausha. "Mama," aliita kwa sauti ya kawaida, "mwambie mwanao kwamba mimi na yeye tumemaliza kuongea."

Mama alinyoosha mkono kwenye redio, kisha akaurudisha. "Umemsikia, baba," alimwambia mwanawe. "Acha daftari hapo mezani, uende."

"Mama, mimi natetea pensheni ya..."

"Acha daftari."

Akaliacha. Mama alilifungua kurasa za nyuma zilizokuwa hazijaandikwa, na tangu siku hiyo aliandika humo vitu vya sokoni.

Funguo za gari sasa hukabidhiwa kwa mshona nguo wa nyumba ya pili. King'ora huziacha Jumatano jioni, Bwana Lita huzifuata, na Jumamosi jioni naye huziacha vilevile, na mshona nguo amekatazwa na wote wawili kubeba salamu. Tangi kila mmoja analijaza kwa zamu yake. Nyonga ya mama imepona kiasi cha kwenda kliniki mara moja kwa mwezi, ila Jumatatu bado anataka kutolewa, na hataki kuambiwa wanakwenda wapi. Hukaa mbele siku hizi. Akiona mtu anawapita kwa fujo, yeye ndiye husonya kwanza, na King'ora humwambia amwache apite, watamkuta kwenye taa.